Simu Iliyowekwa Juu ya Piano

Ukitaka kumjua Rispah, mtazame anapoingia chumba chenye watu. Kabla hajaweka sinia la chai mezani ameshajua nani amenuna, nani ana usingizi, mtoto yupi ameficha kitu nyuma ya mto, na simu ya madam iko wapi. Miaka minane ya kazi za ndani Saudia imemfanya hivyo. Wakenya wenzake wakimuuliza amewezaje kukaa miaka sita kwa kafili mmoja, yaani mwajiri mmoja, bila hata siku moja ya ugomvi, huwajibu kwa kucheka, "Macho yangu hayalali, na mdomo wangu hauamki."

Mwanzo hakuwa hivyo. Katika nyumba yake ya kwanza, mjini Riyadh, alikuwa mtu wa kuimba. Siku moja akikunja nguo alijisahau, akaimba wimbo wa kanisani huku simu ikiwa wazi na mdogo wake Selipher akiitikia kutoka Nakuru. Mwenye nyumba akasikia. Hakumpiga wala hakumtukana. Alichukua ile simu, akaifungia kabatini, ikakaa huko miezi minane. Katika miezi hiyo Maryann, binti wa Rispah, alilazwa hospitali kwa malaria, akapona, akahamishwa shule, na Rispah hakujua hata moja. Alikuja kusikia mambo yote kwa mpigo, siku aliyorudishiwa simu, na mtoto mwenyewe alikuwa ameshayasahau.

Kwa hiyo alipopata kazi ya pili, kwa familia moja mtaa wa Sulimaniyah, Riyadh hiyo hiyo, alijiwekea sheria zake. Simu huzimwa sauti. Dini hubaki moyoni. Habari za nyumbani kwake haziletwi jikoni kwa watu. Familia yenyewe ilikuwa ya watu wapole, madam alikuwa msemaji wa taratibu, lakini Rispah hakutaka kujaribu kujua upole wao unaishia wapi. Miaka sita walikula chakula chake, na hakuna aliyewahi kuona hata picha ya mtoto wake.

Maryann alikuwa na miaka minane mama alipoondoka. Sasa ana kumi na sita, anaishi na Selipher, na ni mpiga piano.

Hilo la piano lilianza kwa bahati. Kanisa la mtaani kwao lina piano ya zamani iliyoachwa na wamisionari, vibao vyake vimegeuka rangi ya mahindi. Mwalimu Ernest, aliyestaafu kazi ya posta, huikaza nyuzi mwenyewe, na kila Jumamosi hufundisha watoto muziki wa kale wa Kizungu, ule wa kusoma kwenye karatasi. Maryann alipelekwa kufagia kanisa, akabaki kusikiliza, na hakurudi nyumbani mpaka Selipher alipomfuata na kandambili mkononi. Baada ya hapo hakukosa Jumamosi hata moja. Kwa kuwa nyumbani hakuna piano, alichora vibao kwa wino mweusi juu ya ubao wa kupigia pasi, akawa anafanyia mazoezi hapo. Rispah akipiga simu jioni husikia vidole tu vikigonga mbao, tok tok tok, kama mvua inayoanza kwenye mabati. Muziki wenyewe hakuwahi kuusikia. Jumamosi kwa Wasaudi ni siku ya mapumziko na ya wageni, na yeye huwa yuko kwenye masufuria toka asubuhi. Akiomba arekodiwe, Maryann hukataa. "Ngoja iwe tayari, mama. Nataka uisikie ikiwa nzima."

Ikawa tayari Novemba iliyopita. Kila mwaka wanafunzi wa Mwalimu Ernest huwapigia wazazi wao piano kanisani Jumapili moja mchana, na kila mtoto, kabla ya kuketi, humwinamia mzazi wake. Miaka mitatu Maryann alikuwa amemwinamia Selipher. Mara hii alikuwa na mpango wake.

"Mimi sisomi karatasi, nimeishika yote kichwani," alimwambia mama yake. "Kwa hivyo pale pa kuweka karatasi nitaweka simu ya anti. Utakaa hapo unione, nami nikuone. Dakika sita tu."

"Nitakuwepo."

"Hata kipaimara ulisema utakuwepo. Na siku ya kumaliza shule ya msingi."

"Hii nitakuwepo, Maryann. Nakuapia."

"Usiondoke katikati, mama. Ukiondoka nitaona."

Rispah akaanza kupanga, na alipanga kama mtu anayetaka kuiba. Angejifungia chumbani kwake, kwa kisingizio cha kuumwa kichwa, mlango ukiwa umezibwa na taulo. Kila kitu kilikuwa tayari. Halafu wiki mbili kabla ya siku yenyewe madam akatangaza kwamba likizo fupi ya shule wataenda Jeddah, kwa mama yake, na Rispah atakwenda nao kumhudumia bibi.

Walikwenda kwa gari, safari ya siku nzima. Dereva alikuwa Yassir, mtu wa Likoni, Mwislamu, mcheshi, aliyezoea kumwita Rispah dada. Waliposimama kwenye kituo cha mafuta, madam na watoto wakiwa wameingia dukani, Rispah alimweleza shida yake akiwa bado anatazama mlango wa duka.

"Sasa si umwambie madam?" Yassir akasema. "Mwambie, binti yangu apiga piano Jumapili, nipe nusu saa. Basi."

"Kanisani, Yassir. Anapiga kanisani."

"Na kwani yeye hajui kama weye ni Mkristo? Kwenye kibali chako cha ukaazi, ile ikama, imeandikwa nini?"

"Kujua ni kitu kimoja. Kuniona nimekaa na msalaba kwenye simu ndani ya nyumba ya mamake ni kingine."

"Dada, weye waogopa hata kivuli chako. Hawa si wale wa kwanza."

"Wewe sema tu. Wewe ukisikia adhana unatandika mswala mbele yao na wanakuita ndugu."

Yassir akageuka naye kutazama mlango wa duka. Kisha akasema, kwa upole zaidi, "Hilo kweli. Lakini uliza. Akikataa, utakuwa hujapoteza kitu."

Rispah alitikisa kichwa. Akikataa, atakuwa amejua. Na akishajua, saa ile ya piano atakuwa ananichunguza. Ndivyo alivyowaza, na wakati ule aliona amewaza vizuri.

Nyumba ya bibi ilikuwa ghorofa ya tatu ya jengo la zamani mtaa wa Baghdadiyah, karibu na bahari, vyumba vingi na viyoyozi vinavyonguruma. Bibi mwenyewe wote walimwita mama kabira, yaani mama mkubwa. Alikuwa mzito wa miguu, akitembea kwa fremu ya chuma, na sauti yake ilitosha nyumba nzima. Rispah alipewa godoro sakafuni, kando ya kitanda chake. Chumba cha kujifungia hakikuwapo tena.

Akaangalia. Siku tatu tu zilimtosha kuijua nyumba. Mama kabira alikula saa saba, akalala, na hakuamka mpaka adhana ya alasiri, saa tisa na dakika ishirini hivi. Madam na watoto walishinda mjini. Selipher alikuwa amesema kipindi kinaanza saa nane na Maryann ni wa tatu. Kwa hesabu hiyo, saa nane na nusu, akichelewa sana saa tisa kasorobo, kila kitu kitakuwa kimekwisha. Jikoni kuna kiti nyuma ya friji. Waya wa kusikilizia utapita chini ya mtandio mpaka sikio moja. Sikio la pili litabaki wazi kumsikiliza bibi.

Jumapili ikafika. Saa nane na dakika kumi simu ikatetemeka.

"Mama Maryann, unatuona?" Selipher alinong'ona kwa sauti iliyoweza kusikika benchi tatu. "Mbona uko gizani?"

"Niko jikoni. Nimezima taa."

"Mchana huu?"

"Selipher, nyamaza unionyeshe watu."

Akaonyeshwa. Akaona mabenchi, akina mama waliovaa vilemba, watoto wenye mashati meupe, na mbele kabisa piano ikiwa imefunuliwa, na nyuma yake ule msalaba mkubwa wa mbao. Akamwona Maryann pembeni, gauni la kijani, amekaza midomo. Rispah akaipunguza mwanga simu, kisha akajiona mjinga, akaurudisha.

Sala ikawa ndefu. Baada ya sala akatambulishwa mgeni wa heshima, na mgeni wa heshima akashika kipaza sauti kama mtu aliyekipata baada ya kukitafuta kwa miaka. Aliongea habari ya vijana. Akaongea habari ya barabara. Akarudi kwa vijana. Rispah alitazama saa ya ukutani mpaka akaichukia. Saa tisa kamili mtoto wa kwanza ndio kwanza anaketi. Saa tisa na dakika kumi wa pili. Saa tisa na robo Mwalimu Ernest akaita jina la Maryann.

Selipher akainuka, akaenda kuiweka simu juu ya piano. Picha ikayumba, ikatulia. Maryann akaja mpaka karibu. Akainama, akaiinamia simu, mpaka Rispah akaona mstari uliogawa nywele zake katikati ya kichwa. Alipoinuka alitabasamu kidogo, akaketi, akaweka mikono mahali pake.

Rispah alikuwa hajajua kwamba ubao wa pasi ulikuwa umeficha vitu vyote vile. Muziki ulianza chini, polepole, kama mtu anayeshuka ngazi akiwa amebeba mtoto aliyelala. Halafu mkono wa kulia ukaingia. Uso wa Maryann ulikuwa karibu sana, anatazama vidole, anatazama simu, anatazama vidole. Kila akitazama simu, Rispah alikuwepo. Dakika ya kwanza ikapita. Adhana ikaanza msikiti wa jirani, ikaingia sikio lililo wazi, na piano ikaendelea kwenye sikio jingine.

Hakusikia fremu ya mama kabira. Siku nyingine angeita kutoka kitandani. Siku ile aliinuka mwenyewe kutafuta maji, na kitu cha kwanza Rispah kukijua ni kwamba taa ya jikoni imewaka.

Akaruka kutoka kwenye kiti. Waya ukanasa kwenye kitasa cha droo, ukachomoka simuni, na muziki ukajaa jikoni kote. Kwenye kioo cha simu kulikuwa na mtoto, piano, na msalaba. Kidole chake kilibonyeza kitufe chekundu kabla yeye mwenyewe hajafikiri neno.

Kimya.

"Leysh?" mama kabira akasema. "Kwa nini umezima?"

"Mafi, mama. Hakuna kitu. Halas, imekwisha."

"Kulikuwa na kitu. Nimesikia. Nani alikuwa anapiga?"

Rispah alitafuta uongo, na uongo, ambao ulikuwa haujawahi kumkosa miaka minane, siku ile haukuja. "Binti yangu."

"Una binti?" Bibi akaivuta fremu mbele, akasogea. "Yuko wapi?"

"Kwetu. Kanisani."

Neno lilipotoka alisimama akingoja. Mama kabira akavuta kiti kile kile cha nyuma ya friji, akaketi kwa kuguna, akapumua.

"Miaka sita unapika kwa binti yangu, na sisi hatujui kama una mtoto. Mrudishe nimwone. Yalla, haraka, kabla sijaenda kutawadha."

Hapo ndipo Rispah alipofanya kosa la pili, na hilo ndilo lililomkaa zaidi. Kwa miaka minane akiambiwa yalla, mikono yake hutangulia. Akapiga. Hakuwaza simu ile nyingine imewekwa wapi. Aliwaza tu kwamba mlango umefunguka, kwamba amekubaliwa, kwamba akikawia mtoto atamaliza. Simu ikaita. Haikushikwa.

"Hawashiki, mama."

"Piga tena."

Akapiga tena. Ikaita, ikaita, kisha ikakatwa. Akabaki ameikodolea macho. Hapo ndipo akaiona, kama vile yuko kwenye benchi la mbele: simu ya Selipher, juu ya piano. Akaiweka simu yake mezani, kioo chini.

"Hakuna," akasema.

"Basi kesho," mama kabira akajibu, akainuka kwenda kutawadha. "Nipe maji."

Yaliyotokea kanisani alisimuliwa na Selipher jioni ile. Picha ya mama ilipopotea, Maryann aliona. Aliinua macho mara moja, akayashusha, akaendelea kupiga, na Mwalimu Ernest akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Alikuwa amefika pale pagumu, pa vidole vya mkono wa kushoto, simu ilipoanza kuita. Selipher ni muuza mboga, na mlio wa simu yake ni jogoo, ameuweka asichelewe kwenda kuchukua mzigo. Jogoo akawika juu ya piano. Watu wakaguna. Maryann akaendelea. Jogoo akawika mara ya pili, na simu, kwa kutetemeka, ikateleza, ikamwangukia Maryann kwenye mikono. Akaacha. Mtu mmoja akacheka, halafu kanisa zima. Mgeni wa heshima alicheka kuliko wote.

"Alilia?" Rispah akauliza.

"Hakulia. Heri angelia. Alizima simu, akanipa, akaanza tena mwanzo. Akamaliza. Mama Maryann, alipiga! Watu walisimama."

"Hakuna aliyerekodi?"

Selipher akashusha sauti. "Kuna kijana alirekodi. Lakini ni kipande cha jogoo tu. Kiko kwenye kundi la kanisa, wanatumiana."

"Nitumie."

"Wacha, dada."

"Nitumie, Selipher."

Kikaja. Sekunde kumi na mbili za piano, kisha jogoo, kisha kicheko. Rispah alikitazama mara nyingi kuliko angeweza kukiri kwa mtu. Kabla ya jogoo, mtoto alikuwa anapiga vizuri. Hata yeye asiyejua muziki alisikia.

Halafu akaomba apewe Maryann.

"Nisamehe, mwanangu."

"Ni sawa, mama."

"Selipher anasema watu walisimama."

"Walinihurumia." Nyuma yake vyombo viligongana. "Niliona umeondoka. Nikajiambia, ameitwa kazini, si kosa lake, wewe maliza tu. Nilikuwa naendelea poa. Lakini mbona ulipiga tena? Ulijua niko na simu pale."

Rispah akamweleza. Alieleza kila kitu, taa, waya, bibi, kiti, yalla. 

"Kwa hivyo huyo bibi hakukasirika."

"Hakukasirika."

"Alitaka kunisikia."

"Ndiyo."

"Basi angekuruhusu. Kama ungemuuliza kabla, angekuruhusu, na ungekaa tu pale kwa kiti."

"Sikujua, Maryann. Ile nyumba ya kwanza, walivyonifanya..."

"Najua hiyo ya kabati, mama. Umeniambia. Hukuuliza tu."

"Sikuuliza."

"Ni sawa. Wacha nisaidie anti na vyombo."

Kwa siku nne zilizobaki, kila alasiri mama kabira aliuliza kama binti atapiga leo, na kila alasiri Rispah alijibu kwamba yuko shule, ingawa shule zilikuwa zimefungwa. Yassir alipoisikia habari, wakiwa wanapakia mizigo, hakusema kwamba alimwambia. Alichukua sanduku kutoka mkononi mwake, akalipakia, akafunga buti. Rispah angependa zaidi kama angesema.

Waliporudi Riyadh alikaa mwezi mzima akijitayarisha. Kisha asubuhi moja, mikono ikiwa bado na povu, akamfuata madam sebuleni. Alikuwa amepanga maneno mengi ya Kiarabu na yote yakamtoka kwa pamoja: kwamba ana binti, anapiga piano, kanisani, na anaomba saa moja kila Jumapili baada ya chakula, aweze kuzungumza naye mlango ukiwa umefungwa.

Madam hakuinua hata macho kutoka kwenye simu yake. "Tayyib," akasema, yaani sawa.

Neno moja. Rispah alirudi jikoni, akasimama mbele ya sinki na maji yakimwagika. Alikuwa amebeba hofu ya jibu lile miaka sita, na kumbe lilikuwa jepesi hivyo.

Jumapili ya kwanza alifunga mlango, akaketi kitandani, akapiga. Maryann alishika haraka. Nyuma yake palikuwa na kelele za barabarani.

"Nimepewa saa nzima," Rispah akasema. "Kila Jumapili. Nimeomba mwenyewe. Kwa hivyo Novemba mkipiga tena, niweke pale pale. Sitaondoka. Na Selipher atazima huo mlio wake, nitamwambia mimi mwenyewe."

"Mama, simu haziingii tena."

"Haziingii wapi?"

"Kanisani, wakati wa piano. Mwalimu Ernest ameandika karatasi akaibandika mlangoni. Zote zinabaki nje, kwa mzee wa kanisa."

Rispah akatazama ukuta. "Ni kwa sababu yangu."

"Hakuandika jina lako."

"Ningeweza kuongea naye. Mwalimu Ernest. Nimwombe."

Maryann akajibu. Sauti yake ilikuwa ya upole, ule upole ambao mtu humpa mgeni.

"Usimsumbue, mama. Nimezoea sasa. Nikitazama pale, hapana kitu, na vidole vinaenda vizuri." Halafu akasema, "Nimefika kanisani. Siku hizi na Jumapili tunafanya mazoezi. Wananingoja ndani. Wacha nimpe mzee simu."

Wakaagana. Rispah akaangalia saa. Zilikuwa zimekwisha dakika saba. Aliwasikia watoto wa madam wakikimbizana kwenye ukumbi, na mtu akiwaambia wapunguze kelele, Rispah anazungumza na binti yake. Akabaki ameketi pale pale, mlango umefungwa, mpaka saa yake ilipokwisha.